Mvinyo Mweupe wa Dodoma, na Ule Ulioondolewa Kilevi



Leo nina swali la mzee mmoja wa hapa Itumba, wilayani Ileje. Alinisimamisha njiani akasema: "Bwana shamba, bei ya kahawa inatuchezea. Wenzetu wa Dodoma wanalima zabibu. Nami nikiing'oa hii kahawa, nipande zabibu, nitengeneze mvinyo ule usiolevya, si hata walokole watanunua?" Nilimwomba asing'oe kwanza. Basi keti nikusimulie nilichomsimulia.

Mzabibu ni mgeni katika nchi yetu. Kule Rasi ya Afrika Kusini, Waholanzi walikamua mvinyo wao wa kwanza mwaka 1659. Dodoma uliletwa na wamisionari wa Kikatoliki kabla ya Uhuru, maana padri hawezi kusoma misa bila divai ya zabibu, na kuiagiza ng'ambo ni gharama. Misheni ya Bihawana ikajulikana kwa mizabibu yake. Baada ya Uhuru gereza la Isanga likalima, kisha wanavijiji, na utafiti ukafanyika Makutupora.

Kwa nini Dodoma? Ni ukame, ndugu yangu. Ukame ule ule unaomnyima Mgogo mahindi ndio unaompa zabibu. Mvua ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, kisha miezi mingi ni jua tupu. Mkulima hukata matawi, mzabibu ukachipua upya, akavuna mara mbili kwa mwaka: mwezi wa tatu hivi, na tena kwenye wa nane au wa tisa. Ulaya wanavuna mara moja tu kwa sababu ya baridi.

Zabibu nyeupe inayolimwa sana kule ni Chenin Blanc, asili yake Ufaransa, bonde la mto Loire. Ukitaka mvinyo mweupe, unakamua mara tu baada ya kuvuna, unatenga maganda, unaacha maji yake yachachuke polepole mahali pa ubaridi. Joto likizidi, harufu nzuri inapaa yote. Mimi sifichi, ninaupenda. Glasi moja ya baridi, pembeni samaki mbasa wa Ziwa Nyasa aliyechomwa, uchachu wake unakata mafuta ya samaki vizuri kabisa. (Glasi moja nimesema, mama watoto asije akanisikia vibaya.)

Sasa ule usio na kilevi. Niliwahi kuunywa arusini. Chupa ilipendeza, karatasi ya dhahabu shingoni, nikamimina kwa heshima zote. Loo! Kama maji yaliyosuuzia chombo cha mvinyo, yakatiwa sukari kuficha aibu. Sababu yake inaeleweka. Kwanza lazima utengeneze mvinyo kamili, kisha uuondoe ukali, mara nyingi kwa kuupasha moto ndani ya mtambo ulionyonywa hewa ili uchemke kwa joto dogo. Lakini kilevi ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya harufu na kuupa mvinyo uzito mdomoni. Kikitoka, kinaondoka na wenzake. Na gharama umezilipa mara mbili.

Usinielewe vibaya, mzee wangu. Sisemi kila mtu anywe kilevi. Togwa ni kinywaji cha heshima, na ulanzi mtogwa, ule mtamu wa asubuhi, haujifanyi mkangafu. Marekani mwaka 1869, Thomas Welch hakutaka kilevi katika meza ya Bwana. Hakuharibu mvinyo, alichukua maji ya zabibu, akayapasha moto yasichachuke, akayafunga kwenye chupa. Ile ni juisi, nayo inaitwa juisi. Asiyetaka kilevi na anywe hiyo.

Lakini tatizo la zabibu ni kwamba haingoji. Kahawa yako ukiikausha unaiweka ghalani. Zabibu ikiiva, siku chache tu imeoza, na mnunuzi anajua hivyo. Dodoma walikuwa na kampuni ya umma, DOWICO. Ilipoanguka katika miaka ya 1990, wakulima walibaki na matunda bila mnunuzi, na wengi wakayatelekeza mashamba. Baadaye, miaka ya 2000, viwanda vya watu binafsi vikafufua kilimo kile, lakini aliyekwisha kung'oa alikuwa amekwisha kung'oa.

Na hapa kwetu Ileje milimani mvua ni ndefu, ukungu unashuka hadi mlangoni. Majani ya mzabibu yakikaa na maji, ubwiri vinyoya unaingia.

Mzee aliiacha kahawa yake. Ila alipanda miche minne ya mizabibu ukutani kwa nyumba, ili aone kwa macho yake. Nilipopita juzi, miwili ilikuwa tayari na madoa ya manjano, na chini ya jani utando mweupe. Ile mingine, iliyo chini ya paa isikopata mvua, ilikuwa imefunga vishada vitatu, na wajukuu walikuwa wanavihesabu.