Vumbi la Makaa ya Mawe

Meli za moshi zilizokuwa zikifika Unguja na Mombasa katika zama za babu zetu ziliendeshwa kwa makaa ya mawe. Wapagazi wa bandarini waliyachukua kwa vikapu, wakarudi nyumbani weusi kwa vumbi, wakaoga, na vumbi likaenda na maji. Lakini kule yalikochimbwa makaa, chini ya ardhi, vumbi lile lile liliua watu kwa mamia, na kwa muda wa miaka mingi mabwana wenye elimu walibishana kama ni kweli ama si kweli. Habari za ubishi huo ndizo tutakazozungumza leo.

Yafaa kwanza tujue shimo la makaa lilivyo. Makaa ya mawe ni miti na majani ya kale yaliyozikwa na kugandamizwa kwa mamilioni ya miaka, na ndani yake imefungwa hewa iitwayo methani. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Mchimbaji akipiga sururu hutoka polepole, nayo kwa kuwa ni nyepesi hukusanyika juu, penye dari ya njia. Ikifika sehemu 5 mpaka 15 katika kila 100 za hewa ya shimoni, cheche moja yatosha kuilipua kama baruti. Na wachimbaji wa zamani wangefanyaje kazi gizani bila ya taa? Walichukua mishumaa. Mahali palipojulikana kuwa na hatari, mtoto aliwekwa azungushe gurudumu la chuma likikwaruza gumegume, ili watu waone kwa mwanga wa cheche. Walidhani cheche hizo haziwezi kuwasha hewa. Mara nyingine ziliiwasha.

Tarehe 25 Mei 1812 shimo la Felling, karibu na Newcastle, lililipuka, wakafa watu 92, wanaume na vijana wadogo. Shimo likazibwa ili moto ufe, na wajane wakangoja wiki sita hata lilipofunguliwa na maiti kuanza kutolewa. Desturi ya siku zile ilikuwa kunyamaza, maana wenye mashimo hawakupenda magazeti yaandike habari za milipuko. Lakini padre wa mahali hapo, John Hodgson, hakukubali. Akaandika habari zote pamoja na majina ya waliokufa na ramani ya shimo, akazipiga chapa. Watu wakaona haya, na mwaka 1813 ikaundwa jamii katika mji wa Sunderland ya kutafuta njia ya kuzuia ajali hizo. Mwaka 1815 wakamwendea Sir Humphry Davy, bingwa wa kemia wa London.

Davy alikwenda akaona mashimo, kisha akaletewa London hewa ile imetiwa katika chupa. Akagundua kwamba mwali wa moto hauwezi kupita katika matundu madogo sana ya chuma, kwa sababu chuma hunyonya joto lake, na mwali uliopoa hauwashi kitu. Basi akauzungusha utambi wa taa kwa wavu wa waya mwembamba, mfano wa chekecheke la unga. Hewa ya shimoni huingia na kuwaka ndani ya wavu tu, wala moto hautoki nje. Tena mwali hurefuka na kuwa na kilemba cha samawati ikiwapo methani, hivi kwamba taa humwonya mwenye kuichukua. Davy hakutaka kutoza mtu fedha kwa uvumbuzi wake. Mwezi wa Januari 1816 taa hiyo ilijaribiwa katika shimo la Hebburn, ikafaa.

Wakati ule ule fundi wa mitambo wa shimo la Killingworth, George Stephenson, ambaye hakujua kusoma mpaka alipotimia miaka 18, naye alikuwa amebuni taa yake, na mnamo Oktoba 1815 aliingia nayo mwenyewe penye hewa ya hatari. Davy hakuweza kusadiki kwamba mtu asiye na shule angeweza jambo kama hilo, akamdhania mwizi. Sisi twaona kila mmoja alivumbua kwa akili yake, na matusi yale hayakumpasa mtu wa cheo cha Davy.

Mtu angetazamia kwamba tangu siku hiyo vifo vilipungua. Havikupungua. Mwaka 1835 kamati ya Bunge ilihesabu vifo vya mashimoni katika majimbo ya Durham na Northumberland: miaka 18 kabla ya taa walikufa watu 447, na miaka 18 baada ya taa walikufa 538. Sababu yake ilikuwa dhahiri. Wenye mashimo, wakiisha kuwa na taa ya usalama mkononi, waliwarudisha watu katika njia zilizokuwa zimeachwa kwa ajili ya hatari, wakachimba na nyingine zenye hewa mbaya zaidi. Wavu ukitoboka, au upepo mkali ukivuma, mwali hutoka nje. Taa ilikuwa njema, ila ilitumiwa kuwa idhini ya kwenda mahali pasipoendeka.

Mwaka 1844 shimo la Haswell lililipuka, wakafa watu 95, na Serikali ikamtuma Michael Faraday, ambaye zamani alikuwa msaidizi wa Davy, pamoja na Charles Lyell, mtaalamu wa miamba. Katika uchunguzi Faraday aliuliza jinsi mwendo wa upepo unavyopimwa shimoni. Mtu mmoja akachota baruti kidogo kwa vidole, kama mtu avutaye tumbaku ya pua, akaidondosha katika mwali wa mshumaa, wakatazama moshi. Faraday akauliza baruti huwekwa wapi. Akajibiwa, katika mfuko uliofungwa vizuri. Na mfuko uko wapi? Akaambiwa kwamba ameukalia. Walikuwa wamempa uwe mto, kwa heshima.

Lakini jambo kubwa waliloliona Faraday na Lyell lilikuwa vumbi. Juu ya nguzo za miti palikuwa na vumbi la makaa lililookwa na moto, wakaandika kwamba vumbi lenyewe liliwaka na kuuongezea mlipuko nguvu. Mama mwenye kupika aweza kulielewa jambo hilo: donge la unga haliwaki upesi, lakini unga ukitimka hewani juu ya moto, huwaka mara moja (na watoto wasijaribu). Mlipuko mdogo wa methani hulitimua vumbi la sakafuni. Hilo huwaka, hutimua lingine mbele yake, na hivyo moto hukimbia katika njia zote za shimo. Wenye mashimo wengi walisoma maneno hayo wakayaweka kando.

Mwaka 1896, baada ya mlipuko wa Tylorstown katika nchi ya Wales, mganga John Scott Haldane alichunguza maiti, akaona kwamba wengi wao hawakuuawa na moto wala kishindo. Damu yao ilikuwa nyekundu mno, nayo ni alama ya kaboni monoksaidi, sumu ile ile itokayo katika jiko la makaa lililowekwa ndani ya nyumba iliyofungwa. Ndiye aliyeshauri waokoaji wachukue wanyama wadogo, ambao hulewa sumu kabla ya mtu. Basi chiriku wakawa watumishi wa mashimo ya Uingereza mpaka mwaka 1986.

Huko Ufaransa wataalamu wengi walizidi kusema kwamba vumbi pasipo methani haliwezi kuleta msiba mkubwa. Tarehe 10 Machi 1906 shimo la Courrières, lililodhaniwa kuwa na methani kidogo, lililipuka, na moto ukapita katika zaidi ya kilomita 100 za njia. Wakafa watu 1,099. Siku ya ishirini walitokea watu 13 wakiwa hai, waliokuwa wakitangatanga gizani na kula chakula cha farasi na nyama ya farasi. Hapo ubishi ukaisha.

Dawa ilikuwa imeonekana na mtu wa kazi. William Garforth, msimamizi wa shimo la Altofts katika Yorkshire, alitambua baada ya mlipuko wa mwaka 1886 kwamba moto ulizimika penye njia zilizojaa vumbi la mawe. Tangu mwaka 1908 alijenga juu ya ardhi bomba kubwa kwa mapipa ya mitambo ya mvuke iliyochakaa, akatandaza vumbi la makaa, akalilipua makusudi. Kisha akajaribu tena, safari hii pakiwa na unga wa mawe. Kishindo kilitimua unga wa mawe pamoja na makaa, unga ukanyonya joto, moto ukafa. Mwaka 1911 Wamarekani nao walilipua shimo lao la majaribio huko Bruceton mbele ya wachimbaji, ili waone kwa macho yao.

Elimu ilikuwako, basi, lakini haikufika kila shimo. Tarehe 14 Oktoba 1913 walikufa Senghenydd, Wales, wachimbaji 439 na mwokoaji mmoja, na vumbi ndilo lililoueneza moto. Msimamizi alitozwa faini ya pauni 24. Ukizigawanya kwa wachimbaji waliokufa, kila kichwa hupata shilingi moja na peni moja. Amri ya kutandaza unga wa mawe katika mashimo ya Uingereza ilitoka mwaka 1920.

Wala habari hizi si za zamani tu. Tarehe 5 Aprili 2010 shimo la Upper Big Branch katika West Virginia, Marekani, lililipuka, wakafa watu 29. Wachunguzi walikuta vumbi la makaa lililoachwa likusanyike bila ya unga wa mawe wa kutosha. Waganga walipoyapasua mapafu ya watu 24 miongoni mwao, 17 walikuwa tayari na ugonjwa wa vumbi.