Mwenyeji wa Ruvuma

Babu yangu alizaliwa Kionga chini ya bendera ya Wajerumani, akaoa na kuzeeka chini ya bendera ya Wareno, na maisha yake yote hakuhama kijiji. Kilichohama ni mpaka. Mwaka 1886 wakubwa hao wawili walikubaliana kugawana pwani yetu kwa kufuata mto Ruvuma. Mwaka 1894 Wajerumani wakaichukua Kionga, ingawa iko kusini ya mto, na 1916 Wareno wakaitwaa katikati ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Nayasema haya kwa sababu nawasikia vijana wa Palma, huku kwetu Msumbiji, wakimtaja mtu wa ng'ambo, Mtanzania, kana kwamba mpaka ule uliwekwa na Mwenyezi Mungu.

Sisi tumevuka siku zote. Kampuni ya Nyasa, iliyotawala huku hadi 1929, ilitoza kodi ya nyumba na kuwakamata watu kwa kazi za lazima. Aliyeshindwa kulipa alingoja giza liingie, akapanda mtumbwi. Wamakonde wa Mueda walikwenda kukata mkonge Lindi na Tanga, wengine wakafika mpaka Kenya, na wengi walizikwa huko huko.

Aliyevuka alifikia kwa mwenyeji. Mwenyeji alimchukua mgeni wake mpaka barazani kwa mzee wa mji, akasema mbele za watu: "Huyu ni wangu. Akikosa, niulizeni mimi." Tangu hapo mgeni alikuwa na pa kulala na mtu wa kumsemea, lakini pia alitazamiwa makaburini, kwenye kuezeka na kwenye michango ya harusi kama mtu yeyote wa mji.

Nayajua haya kwa kuyaonja. Vita vya FRELIMO dhidi ya Wareno vilipoanza, Septemba 1964, nilikuwa mtoto niliyeacha karibuni kubebwa mgongoni, na haukupita muda mama akatuvusha. Mwanamke aliyetupokea Kilambo, upande wa Tanzania, hakutaka karatasi. Alimuuliza mama watu wake ni akina nani, bibi yake alizikwa wapi, nani aliolewa Msimbati, na muhogo ulikuwa umeshaiva jikoni walipompata shangazi mmoja wa kuwaunganisha, wa mbali kweli kweli. Asubuhi alimpeleka mama kwenye konde lake, akapita akikanyaga majani kwa miguu kutoka mkorosho mmoja hadi wa pili. Palipolala majani ndipo ulipokuwa mpaka wa shamba letu. Msimu wa kwanza tulikula chungu kimoja naye. Wa pili mama alimpelekea mtama. Serikali ya Tanzania nayo ilifuata njia hiyo hiyo kwa upana wake: kule Rutamba, mkoani Lindi, wakimbizi wenzetu walipewa ardhi walime.

Ndiyo maana inaniuma kuona tulivyogeuka, kila mtu kwa upande wake. Mwanzoni mwa 2017 Watanzania wengi waliokuwa kwenye machimbo ya rubi ya Montepuez walifukuzwa, na huku kwetu wapo walioshangilia. Mwaka 2021, baada ya Palma kushambuliwa na waasi tarehe 24 Machi, maelfu ya watu wetu waliovuka Ruvuma walirudishwa na Tanzania kupitia Negomano, ingawa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilipinga. Na huko Kenya, Wamakonde wa Kwale ilibidi watembee kwa miguu kuelekea Nairobi, Oktoba 2016, kumwona Rais Uhuru Kenyatta, ndipo wakapewa vitambulisho vya Kenya. Wengi wao walizaliwa pale pale Kwale.

Uwenyeji, hata hivyo, haujafa. Mwaka 2020 mashua zilipokuwa zikishusha watu waliokimbia vita vya waasi hao katika ufuko wa Paquitequete, mjini Pemba, wengi wao walipokelewa majumbani. Nyumba ya vyumba viwili ililaza familia tatu, nne, na mara nyingi chakula cha msaada kiliandikwa kwa jina la mkimbizi, huku mwenye nyumba akimaliza akiba yake ya mahindi. Ningekuwa na sauti mbele ya wakubwa, ningeomba mwenyeji naye aandikwe: apate mahindi, apate mabati ya kuongeza chumba, na akisimama mbele ya mkuu wa mtaa akasema "huyu ni wangu", neno lake lipigwe muhuri, ili mtoto wa mgeni wake aandikishwe shule wiki hiyo hiyo.