Kifua cha mchimbaji, cheti cha tajiri

Mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ilipiga marufuku kuandikisha wachimbaji kutoka maeneo ya kaskazini mwa latitudo ya digrii 22 kusini. Sababu ilikuwa vifo. Vijana wa Nyasaland (Malawi ya leo), wa kaskazini mwa Msumbiji na wa nchi nyingine za joto walikuwa wakifika katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, karibu na Johannesburg, wakiwa na nguvu zao, na wengi wao wakafa kwa nimonia kabla mkataba haujaisha. Walilala kwa kubanana katika mabweni ya kambi, wakitoka kwenye joto la shimoni jasho likiwatiririka na kuingia katika baridi ya usiku wa nyanda za juu. Vijana hao walikuwa wamepita mbele ya daktari kabla ya kupewa kazi, na daktari alikuwa amesema wanafaa.

Leo anayeomba kazi kiwandani, hotelini au katika kampuni ya ulinzi huambiwa akapime damu, mkojo na kifua, arudi na fomu iliyogongwa muhuri. Tumezoea kiasi kwamba hatuulizi fomu ile inamfaa nani. Historia ya migodi ya kusini inajibu swali hilo, na jibu lake linatuhusu, maana ndugu zetu walikuwa ndani yake.

Dhahabu ya Witwatersrand iligunduliwa mwaka 1886. Mwaka 1900 wenye migodi waliunda chama cha pamoja cha kuandikisha vibarua, Witwatersrand Native Labour Association, ambacho wachimbaji wenyewe walikiita Wenela. Kilikuwa na mawakala vijijini, kambi za kupumzikia njiani na madaktari. Kila kijana aliyeandikishwa alikuwa gharama: ada ya wakala, nauli, posho ya njiani. Akiugua wiki ya tatu, fedha hizo zimepotea. Kazi ya daktari ilikuwa kuzuia hasara hiyo. Wanaume walivuliwa nguo, wakapangwa mstari, wakapandishwa kwenye mizani, wakaguswa kifua na kusukumwa mbele. Katika vituo vikubwa daktari mmoja alipitisha mamia ya watu kwa asubuhi moja. Kwa mwendo huo mapafu ya mtu hayasikilizwi.

Vifo vilipozidi, waliitwa mabingwa. Mwaka 1911 alikuja Almroth Wright kutoka London kujaribu chanjo ya nimonia, na matokeo hayakuwa ya kuridhisha. Baada yake akaja William Gorgas, daktari wa jeshi la Marekani aliyeshinda homa ya manjano katika ujenzi wa mfereji wa Panama. Ushauri wake haukuwa wa kupima watu zaidi. Alitaka wapewe nafasi ya kutosha ya kulala, nyumba ndogo ndogo mahali pa mabweni makubwa, chakula bora, na waruhusiwe kuishi na familia zao. Hilo la familia wenye migodi hawakulitekeleza, kwa kuwa mfumo wao wote ulisimama juu ya mwanamume aliyekuja peke yake, akafanya kazi, akarudishwa kwao.

Wakati huohuo chini ya ardhi kulikuwa na ugonjwa mwingine, wa polepole. Vumbi la miamba yenye silika huingia mapafuni na kuacha makovu. Hiyo ndiyo silikosisi. Mtu huanza kwa kuhema anapopanda kilima, na kifua kikuu humkuta mapafu yamekwisha kudhoofika. Serikali iliujua ugonjwa huu na ilitunga sheria za fidia kuanzia 1911. Mwaka 1916 ilianzisha ofisi maalumu ya madaktari, yenye mashine za eksirei, kuwapima wachimbaji kabla ya kazi na kila baada ya muda. Waliopimwa pale walikuwa wachimbaji Wazungu. Waafrika, waliokuwa wengi mara nyingi zaidi na ndio walioshika nyundo na sepetu, waliachiwa madaktari wa migodi, na kipimo chao kikuu kikawa mizani. Aliyepungua uzito ndiye aliyetengwa achunguzwe kifua. Mtu mwenye silikosisi anaweza kukaa miaka bila kupungua kilo hata moja.

Naona hapo ndipo dhambi ya mfumo ule ilipo. Ujuzi ulikuwepo, mashine zilikuwepo, na sheria ya fidia ilikuwepo. Kilichoamua nani aone picha ya mapafu yake ni rangi ya ngozi. Waliokutwa na kifua kikuu walipandishwa treni kurudi Msumbiji, Basutoland au Nyasaland, na wengi wao wakafia huko, mbali na daftari za migodi. Ugonjwa usiopimwa haukuhesabiwa, na usiohesabiwa haukulipwa.

Marufuku ya 1913 ililegezwa katika miaka ya 1930, na Wenela ikarudi kaskazini. Safari hii mkono wake ulifika Tanganyika, na vijana wa Rungwe walikuwa miongoni mwa walioshuka kusini. Migodi sasa ilikuwa na kina kirefu na joto kali, watu wakianguka na kufa kwa kuzidiwa na joto. Daktari A. O. Dreosti wa mgodi wa City Deep alibuni kipimo: wageni waliingizwa katika chumba chenye mvuke wakahamisha mawe kwa muda wa saa moja, kisha joto la mwili likapimwa. Aliyestahimili alipelekwa sehemu za moto zaidi. Kipimo hicho kiliokoa maisha, nakiri bila kinyongo. Lakini kilichagua mwili wa kuvumilia joto, na joto lenyewe likabaki palepale.

Baada ya uhuru serikali ya Tanganyika iliifungia Wenela milango. Malawi iliendelea kupeleka watu, na mwishoni mwa miaka ya 1980 kipimo kipya kilivunja mpango huo wa muda mrefu: Afrika Kusini ilitaka Wamalawi wapimwe virusi vya Ukimwi, Malawi ikakataa, uandikishaji ukafa.

Ukimwi ndio uliolifikisha suala la vipimo mahakamani. Mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba shirika la ndege la taifa lilikosea kumnyima kazi ya uhudumu wa ndege mtu aliyefaulu usaili, kwa sababu tu alikuwa na virusi, na ikaamuru aajiriwe. Kenya ilipiga marufuku mwaka 2006 kumlazimisha mtu kupima virusi hivyo ili apate kazi. Tanzania ilikuwa imekataza ubaguzi wa kazini kwa sababu ya Ukimwi katika sheria ya ajira ya 2004. Hata hivyo, dada zetu wanaokwenda kufanya kazi za ndani katika nchi za Ghuba bado hupimwa virusi, homa ya ini, kifua na mimba, na cheti husema anafaa au hafai.

Wachimbaji wa Afrika Kusini walingoja zaidi. Mwaka 2011 Mahakama ya Katiba ileile iliamua kwamba mchimbaji mwenye ugonjwa wa mapafu anaweza kumshtaki mwajiri wake. Aliyefungua kesi hiyo alifariki siku chache kabla ya hukumu. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya randi bilioni 5 kwa wagonjwa waliofanya kazi tangu Machi 1965 na kwa familia za waliokufa. Ili kulipwa, mzee aliyewahi kusukumwa mbele ya mizani akaambiwa yuko sawa lazima apimwe tena mapafu, safari hii kwa vipimo kamili.

Afrika Kusini ilijifunza jambo ambalo ningependa tulichukue. Sheria yake ya migodi ya 1996 inadai mchimbaji apimwe pia anapoacha kazi na apewe cheti cha hali yake. Kwetu Tanzania, sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003 inamtaka mwajiri apimishe wafanyakazi kabla ya kazi na wakati wa kazi. Ila wanaapolo wa Mirerani, wanaovuta vumbi la miamba wakitafuta tanzanaiti, wengi wao hawana mwajiri wa kuandikiwa barua na ofisi yoyote. Hospitali ya Kibong'oto, iliyo katika mkoa jirani wa Kilimanjaro, huwapokea wakiwa tayari wanakohoa. Wao wanahitaji kipimo cha kwanza, kwa gharama ya wanaomiliki vitalu, na picha ya kifua iwe mikononi mwao.