Nani wa Kuusemea Mto?

Mtu wa Karagwe au Kyerwa hahitaji kufundishwa kwamba maji huja na ya juu yake. Mto Kagera unatoka Burundi na Rwanda, unapita mpakani mwa wilaya hizo mbili, kisha unamwagika Ziwa Victoria. Kwa njia hiyo gugu maji liliingia ziwani. Mwaka 1994 mto huo huo ulibeba maiti za mauaji ya Rwanda, hata walaji wa samaki wakaingiwa na hofu. Swali la juma hili ni hili: yanapoharibika maji, mvuvi ana nani wa kumsemea?

Tuanze mbali kidogo. Katika mji wa Derby, Uingereza, palikuwa na chama cha wavuvi wa ndoana. Mto wao, Derwent, ulikuwa ukipokea taka na maji ya moto ya kiwanda cha British Celanese, maji machafu ya halmashauri ya mji, na maji ya moto ya kituo cha umeme cha shirika la umma. Samaki wakatoweka. Mvuvi mmoja angefanya nini mbele ya wakubwa watatu? Lakini mwaka 1948 mwanasheria John Eastwood alikwishaanzisha chama cha ushirika cha wavuvi wa nchi nzima, kilichochangisha fedha za kuendeshea kesi kama hizo. Kwa kuungwa mkono na chama hicho, watu wa Derby walikwenda mahakamani, wakashinda mwaka 1952, na Mahakama ya Rufaa ikaona vivyo hivyo. Halmashauri ilijitetea kwamba mji umekua na mitambo yake imezidiwa. Majaji waliipa muda wa kurekebisha. Hawakuipa ruhusa ya kuchafua.

Siri ya ushindi ule ni kwamba sheria ya Kiingereza huhesabu haki ya kuvua kuwa mali. Aliyekodi sehemu ya mto ni kama aliyekodi shamba. Kwetu maji ni ya umma, na mvuvi wa Kagera au wa Ziwa Rwakajunju hana hati ya maji. Je, basi hana la kudai?

Analo, na waliotangulia kuonyesha njia walikuwa watu wa mjini. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishinda Halmashauri ya Jiji mahakamani kwa sababu ya jaa la taka lililowafukiza moshi na uvundo. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Mwaka 1991 wakazi wa huko nao wakashtaki, na Mahakama Kuu ikaona kwamba kuhatarisha afya zao ni kuvunja haki ya kuishi iliyomo katika Katiba. Mwaka 2004 Bunge likatunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, inayompa kila aishiye Tanzania haki ya mazingira safi na salama, na haki ya kwenda mahakamani kuidai. Sheria hiyo haimwulizi mtu hati ya mto.

Mlango basi uko wazi. Vikundi vya kusimamia uvuvi, maarufu kwa jina la BMU, aghalabu hujulikana kwa kupambana na nyavu haramu. Ni kazi njema, ila samaki hamalizwi na kokoro peke yake. Dawa za mashambani na tope la machimbo humwua pia. Mchimbaji wa bati wa Kyerwa anatafuta riziki kama mvuvi, na hakuna anayemtaka aache kazi. Anachotakiwa ni kutoigeuza riziki ya mwenzake kuwa jalala.

Tena kesi ya maji ina adui wake, nao ni muda. Uchafu hupita na samaki waliokufa huoza. Hapana budi kikundi kiandike siku na mahali, kiite mashahidi, kichukue maji mbele ya ofisa anayehusika, na kiwe na mfuko wake kabla ya siku ya shida. Kidole kimoja hakivunji chawa. Watu wa Derby walilijua hilo, na watu wa Tabata na Mtongani pia.