Mke na Mume Walioibana Google Miaka 15

Juni 2006, mke na mume mmoja wa Uingereza, watu wa kompyuta, waliacha kazi zao wakafungua tovuti yao, Foundem. Kazi yake nyepesi tu: unatafuta nguo au tiketi ya ndege, inakuonyesha bei za sehemu mbalimbali, unachagua pa kununua.

Siku chache mbele, kimya. Ukiitafuta Google huioni, imezikwa kurasa za chini huko ambako hafiki mtu. Ila ukihamia mitambo mingine ya kutafuta, ipo vizuri kabisa! Kumbe mchujo wa Google wa kuondoa tovuti takataka ulikuwa umeibeba na yao. Wakaomba weee, hakuna cha maana.

Kichekesho ni kwamba Desemba 2008, kipindi cha TV cha The Gadget Show kiliitaja Foundem kuwa tovuti bora ya kulinganisha bei Uingereza. Bora, halafu haionekani.

Sasa shika hapa. Google nayo ilikuwa na huduma kama hiyo, Froogle, ambayo ilidoda. Baadaye ikabadilishwa jina na kuanza kuwekwa juu kabisa ya majibu, na picha juu. Wapinzani? Tume ya Ulaya ilikuta hata yule anayefanya vizuri kuliko wenzake anatokea kwa wastani ukurasa wa nne. Nani anafungua ukurasa wa nne jamani?

Google ilijitetea kwamba inawarahisishia wateja, na kwamba Amazon na eBay wapo sokoni pia. Sawa, kuboresha huduma yako si dhambi. Lakini huduma yake haikupitishwa kwenye mchujo ule uliowashusha wengine. Yaani refa naye anacheza, tena hajipi kadi.

Wanandoa hao walipeleka malalamiko Ulaya mwaka 2009. Faini ikaja Juni 2017: euro bilioni 2.42. Google ikakata rufaa, ikashindwa, ikakata tena, hadi Septemba 10, 2024 mahakama ya juu ya Ulaya ilipomaliza ubishi.

Hela za faini zinaingia mfuko wa Umoja wa Ulaya, si kwa walalamikaji. Wao ilibidi wafungue kesi nyingine ya kudai fidia. Foundem yenyewe walishaifunga 2016, mwaka mmoja kabla ya faini.