Kistari katika Maneno ya Kiingereza

Wengi wajifunzao Kiingereza hudhani ya kuwa kile kistari kifupi kiunganishacho maneno mawili kina sheria isiyogeuka. Sivyo. Jina lake, hyphen, latoka kwa Wayunani, na maana yake ni "chini ya moja", yaani pamoja. Wayunani wa kale waliandika pasipo kuacha nafasi kati ya maneno. Kwa hiyo wataalamu wao wa sarufi walitia upinde mdogo chini ya herufi, ili msomaji ajue kwamba maneno mawili yasomwe kama moja.

Atakaye kuona jinsi kistari kinavyokuja na kuondoka, na azifungue Biblia za Kiingereza, Waebrania 3:15, alitazame neno lenye maana ya "leo". Katika tafsiri ya mwaka 1611 ni maneno mawili, to day. Katika Agano Jipya lililosahihishwa mwaka 1881 laandikwa to-day. Katika tafsiri ya Kimarekani ya mwaka 1946 ni neno moja tu, today. Maana haikugeuka hata kidogo. Wasomaji walizoea kuyaona mawili yale pamoja, hata yakawa moja.

Basi mwalimu amkosoaye mtoto kwa wino mwekundu kwa kuwa ameandika to-day, kama alivyoona katika kitabu cha babu yake, hamtendei haki. Ule ni mtindo uliopita, si ujinga. Amwonyeshe tu namna ya sasa.

Wala si maneno yote yafuatayo njia hiyo. Mwaka 2007 kamusi ya Oxford ya juzuu mbili, toleo la sita, iliondoa vistari katika maneno yapata 16,000. Bumble-bee likawa neno moja, lakini ice-cream likawa mawili!

Hata hivyo pako mahali ambapo kukiacha kistari ni kumpoteza msomaji. Recover ni kupona. Re-cover ni kufunika tena, kama kiti kitiwapo kitambaa kipya. Man-eating lion ni simba mla watu, kama wale wa Tsavo wa mwaka 1898. Ondoa kistari, na msomaji aweza kudhani kuwa mtu ndiye amlaye simba. Vivyo hivyo twaandika a well-known teacher, kwa kuwa maneno mawili yatangulia jina na kulieleza kwa pamoja; bali yakija nyuma, the teacher is well known, kistari hakihitajiwi.