Fidla na Gitaa: Habari ya Django na Stéphane

Mwezi uliopita kijana mmoja wa kwaya yetu, huku Masisi, alinirudishia gitaa. Panga lilimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, navyo vilipopona vikakauka, havikunjuki. Akasema, "Katekista, kazi yangu imekwisha." Nikamsimulia habari hii.

Neno jazz twalijua sote, maana vikundi vya Kongo vilijiita hivyo: African Jazz ya Kabasele mwaka 1953, O.K. Jazz mwaka 1956. Lakini jazz yenyewe ilizaliwa Marekani, kwa wajukuu wa Waafrika waliouzwa utumwani, nayo ilivuma hasa kwa tarumbeta na ngoma. Ndipo marafiki wawili wa Philadelphia, Joe Venuti mwenye fidla, yaani zeze la Kizungu, na Eddie Lang mwenye gitaa, walipoonyesha kwamba nyuzi nazo zaweza. Lang alifariki mwaka 1933. Mwaka uliofuata fidla na gitaa vilikutana mjini Paris.

Mwenye gitaa alikuwa Django Reinhardt, aliyezaliwa tarehe 23 Januari 1910 kule Liberchies, Ubelgiji. Watu wake walikuwa Manouche, wahamaji walalao katika magari yao. Usiku mmoja wa mwaka 1928, akiwa na miaka 18, moto wa mshumaa ulishika maua ya bandia aliyoyatengeneza mkewe kwa kuuza, na gari zima likawaka. Madaktari walitaka kumkata mguu, akakataa. Mguu ulipona, lakini katika mkono wa kushoto kidole cha pete na kile cha mwisho vilijikunja. Na mkono huo ndio unaobana nyuzi! Ndugu yake Joseph akamletea gitaa kitandani. Akajifunza upya, miezi na miezi, vidole viwili vikikimbia penye kazi ya vinne.

Mwenye fidla, Stéphane Grappelli, alifiwa na mama angali mtoto, akapiga barabarani apate chakula. Kundi lao la mwaka 1934 lilikuwa na fidla moja, magitaa matatu na besi. Ngoma hakuna! Magitaa mawili yaligongwa nyuzi na kuzimwa papo hapo, yakawa ndiyo ngoma. Wanakwaya wenzangu, sisi hudhani pasipo ngoma wimbo hautembei.

Vita vilipoanza, Septemba 1939, walikuwa London. Django akarudi Paris, Grappelli akabaki. Miaka sita na zaidi hawakuonana, na katika miaka hiyo Wanazi waliwaua watu wa jamii ya Django kwa malaki. Sisi wa Masisi na Walikale, tuliotawanywa na vita mara nyingi, hatuhitaji kuelezwa kungoja kwa namna hiyo. Walipokutana tena London, Januari 1946, walishika vyombo wakapiga wimbo wa taifa la Ufaransa kwa mtindo wao.

Django alifariki tarehe 16 Mei 1953. Grappelli aliishi hadi 1997, akipiga pamoja na vijana wa gitaa, na hata leo wapo wapigao wawili wawili, fidla na gitaa, kwa kuwakumbuka.

Kijana alinisikiliza, kisha akauliza neno moja tu: Django alibaki na vidole vipi? Nikamjibu: cha shahada na cha kati. Akautazama mkono wake kitambo. Gitaa aliondoka nalo.